UKIITA "MANGI", UNAMWITA NANI?

BASI bwana, ilikuwa jioni moja hapa Moshi mjini, si mbali na mnara wa saa. Tumekaa kijiweni watu watatu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata, tunapiga soga za mpira na za maisha. Mara akatokea mshikaji wetu mpagazi, ndiyo kwanza kashuka mlimani siku hiyo hiyo. Nyuma yake anamfuata mgeni wake, kijana kutoka Ayalandi, pua imebabuka kwa jua la kileleni, anatembea kama bata maana magoti yamegoma.

Mpagazi akamvutia benchi. "Paddy! Karibu kahawa, Paddy! Kaa hapa!"

Yule kijana alikaa, lakini tabasamu lilikuwa limeshamtoka. Akauliza kwa upole: hilo jina umelitoa wapi? Mpagazi wa watu akajibu bila wasiwasi kwamba alilisikia kwa Waingereza aliowabebea mizigo mwezi uliopita. Kundini mwao alikuwemo Muayalandi mmoja, na wote walikuwa wakimwita hivyo huku wanacheka. Yeye akadhani ndilo neno la kumwitia mtu wa huko, kama sisi tunavyosema "bwana mkubwa".

"Nyumbani wananiita hivyo na mimi nacheka," mgeni akasema. "Lakini inategemea anayeniita ni nani."

Kabla hatujamjibu, akapita mpiga debe wa mabasi ya Dar, mtu anayenifahamu. Akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Mangi! Mangi wangu! Kesho alfajiri unaondoka? Nikuwekee siti?"

Mgeni akageuka. "Na Mangi ndiyo nini?"

Wee! Hapo ndipo kijiwe kilipotulia. Mmoja akasema Mangi ni mfalme. Wa pili akasema Mangi ni muuza duka. Mpagazi akasema Mangi ni Mchaga yeyote mwanaume, hata kama hana senti wala duka. Wakaanza kubishana, mgeni anawatazama kama anaangalia mpira wa meza.

Mpenzi msomaji, nililala nikiwaza. Maana wote watatu walisema kweli. Sasa imekuwaje neno moja likawa la mfalme, la muuza sukari na la mie hapa mwandishi wa kubangaiza?

PADDY NI NANI?

Tuanze na la mgeni, maana lake ni jepesi kuliona kwa sababu haliko kwetu.

Ayalandi wana mtakatifu wao mkubwa, Patrick, kwa lugha yao Pádraig. Kwa kuwa wanampenda, kwa miaka mingi familia nyingi zimewapa watoto wa kiume jina lake. Ukifupisha unapata Paddy, kama sisi tunavyomwita Emanueli "Ema" na Godfrey "Gody". Hadi hapo hakuna ubaya, ni jina la mama kumwitia mwanawe aje kula.

Ubaya ulikuja na safari. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi vya Ayalandi, na kwa maskini wa huko kiazi ndicho kilikuwa kila kitu, kama mgomba ulivyokuwa kwa babu zetu. Njaa ile ilikwenda hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda meli kwenda Uingereza, Marekani na kwingineko. Wakafika Liverpool, London, New York na Boston wakiwa hawana kitu, wakashika sururu na kazi zote ambazo wenyeji hawakuzitaka.

Sasa tajiri mwenye vibarua hamsini hana muda wa kuuliza jina la kila mmoja. Wote wakawa Paddy. Magazeti ya vichekesho kama Punch la London yakawa yanamchora Muayalandi na uso wa nyani. Ndani ya vichekesho Paddy akawa mlevi, mjinga, mgomvi. Jina la mtakatifu likageuka jina la kumzomea mtu.

Na mwisho wake? Leo hii tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Waayalandi wenyewe wanaiita kwa mkato Siku ya Paddy, wanacheza na kunywa. Akisema mwenzao ni raha. Akisema mtu mwingine kwa sauti fulani, ngumi inaweza kuruka. Neno lile lile.

Haya, sasa turudi kwetu.

MANGI ALIPOKUWA MANGI

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, usiku wa kwanza unalala kituo cha Mandara, usiku wa pili Horombo. Wageni kibao, na hata Watanzania wengine, hudhani hayo ni majina ya mito au ya miti. Kumbe ni wamangi wawili! Horombo alikuwa mtawala wa Keni, Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Mandara ni jina ambalo wageni walimwitia Mangi Rindi wa Moshi, ile ambayo siku hizi tunaiita Old Moshi. Enzi za Mjerumani vituo hivyo viliitwa Bismarck na Peters, kwa majina ya wakubwa wao. Tulipopata uhuru wetu majina ya wenye mlima yakarudi.

Zamani hizo Mangi alikuwa mtu kweli kweli. Ndiye aliyegawa kihamba, ndiye aliyeamua kesi, ndiye aliyeita vijana kwenda vitani na kuita watu kwenye kazi za pamoja. Msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani haukupita bila ruhusa yake wala bila zawadi. Tusidanganyane, hawakuwa malaika. Walipigana wao kwa wao, Kibosho na Machame, Moshi na Marangu, wakatekana ng'ombe na watu. Lakini ukisema "Mangi", unamsema mtu mmoja tu katika nchi nzima, na unalisema ukiwa umeinamisha kichwa.

Na jambo la kushangaza ni kwamba siku hizo hakukuwa na mtu aliyejiita "Mchaga" akijitambulisha. Mtu alikuwa Mmachame, Mkibosho, Muuru, Mkilema, Mmarangu, Mrombo. Kila mgongo wa mlima na Mangi wake na lugha yake. Mpaka leo Mrombo na Mmachame wakiongea kila mmoja kilugha cha kwao, watafika mahali watahamia Kiswahili. Jina la jumla lilitumiwa na watu wa nje. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika Kilema na kuona theluji ya Kibo mwezi Mei 1848, aliandika nchi hii "Jagga", kama alivyolisikia kwa watu wa pwani. Wajerumani wakaandika "Dschagga". Waingereza wakaandika "Chagga". Sisi wenyewe tukalisoma kwenye karatasi zao tukalizoea.

Rindi alikuwa mjanja. Mwaka 1885 aliweka mkataba na Wajerumani, na mwaka 1889 wajumbe wake walifika hadi Berlin. Alipofariki 1891 akashika mwanawe, Meli. Huyu hakuwa mtu wa mikataba. Mwezi Juni 1892 vijana wake waliwapiga Wajerumani, hata kamanda wao von Bülow akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale Tsudunyi, Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Wazee wanasimulia kwamba hakufa upesi.

Familia yake inasema baada ya kumnyonga walimkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake amekidai kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Wajerumani walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyoko Berlin na familia za huku kwetu mlimani. La Meli halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Sasa niambie msomaji. Mtu anayejua hayo, akisikia kitoto kinapiga shilingi dirishani, "Mangi, nipe pipi mbili", anajisikiaje? Babu yangu ni mtu wa Old Moshi. Nitakwambia.

CHEO CHAFUTWA, JINA LASHUKA MJINI

Mwingereza alipochukua nchi aliwaacha wamangi, lakini akawageuza wakusanya kodi wake. Hapo neno likaanza kuchuja, maana anayekudai kodi humwimbii sifa. Mwaka 1946 wakawekwa juu yao wakubwa watatu, Wamangi Waitori, wa Hai, Vunjo na Rombo. Mwaka 1952 akasimikwa Mangi Mkuu mmoja wa Wachaga wote, Thomas Marealle, kijana msomi. Kukawa na bendera, kukawa na gazeti la Komkya, kukawa na Siku ya Wachaga. Lile jina la kuokota kwa watu wa pwani likawa fahari.

Lakini fahari haikudumu. Kuna waliosema mlima hautaki mfalme, unataka kiongozi wa kuchaguliwa, na mwaka 1960 wakashinda kwa kura. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Mangi akabaki mzee wa kawaida kwenye kihamba chake, anaheshimiwa msibani na harusini, basi.

Kwa hiyo neno likabaki halina kazi. Na neno lisilo na kazi mjini hupewa kazi.

Wakati huo huo kulikuwa na jambo lingine linaendelea kimya kimya, nalo ni ardhi. Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume hutafutiwa pa kujenga, na kitinda mimba hurithi nyumba na kihamba cha baba. Wa katikati je? Wa katikati anapewa baraka. Zamani alikwenda kufyeka msitu mahali pengine, lakini mlima ulijaa, vihamba vikakatwa hadi vikawa kama leso. Kahawa ikasaidia kwa muda. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilianza 1933, na kwa hela ya kahawa watu wakasomesha. Halafu mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, na hata viliporudishwa miaka ya 1980, mwaka 1989 bei ya kahawa duniani ikaanguka vibaya. Mbuni ukawa mti wa kivuli.

Basi wa katikati akapanda basi.

Baba yangu mdogo ni wa tatu katika watano. Alishuka Dar na begi moja, akawa kijana wa kupanga magunia kwenye duka la mtu Kariakoo, akalala juu ya magunia hayo hayo, na baada ya miaka akafungua kibanda chake Mbagala. Unavijua vibanda hivyo. Dirisha la nondo, mizani, pipa la mafuta ya taa enzi zake, mafuta ya kula ya kupima, sukari robo, nusu mkate, vocha, sabuni ya kipande, na daftari la madeni linaloning'inia kwa uzi. Anafungua kabla ya jogoo wa pili, anafunga wakati walevi wanarudi. Hana Jumapili.

Zamani Dar walisema "duka la Mhindi". Mitaa mingine wakasema "duka la Mpemba". Siku hizi ni "kwa Mangi". Mama anamtuma mtoto, "Nenda kwa Mangi kalete chumvi", wala mtoto haulizi Mangi gani. Watu waliona Wachaga wenyewe wanaitana Mangi kwa utani, wakadaka. Ikawa kila Mchaga mwanaume Mangi, kila Mchaga mwanamke Manka, kila mzee Meku. Na Manka si cheo, ni jina la binti kabisa, jina la ubatizo wa nyumbani. Yaani ile ile ya Paddy!

UTANI UNA MWIBA

Usinielewe vibaya. Mara nyingi jina hili ni tamu. Unaingia mtaa usioujua, huna nauli, unasema "Mangi, nisaidie", unajibiwa "Sema, Mangi mwenzangu". Bei inashuka, mlango unafunguka. Watani zetu Wapare nao wana lao la kutujibu kila siku, na hatununiani.

Lakini kuna kale kautani kengine. Eti ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Umewahi kukasikia? Mimi nimekasikia harusini, msibani, kwenye daladala, na mara moja kwenye usaili wa kazi. Nacheka. Ukikasirika unaambiwa huna utani. Ila kila ukicheka, kuna mtu pembeni anahesabu kwamba umekubali.

Nilikuwa na rafiki wa kike Dar, msichana wa kutoka Tanga, mpole, tumeelewana mwaka na nusu. Siku akanipeleka kwao. Nimenyoa, nimevaa shati la mikono mirefu, nimebeba matunda. Mama yake akaitikia shikamoo yangu vizuri tu, akauliza natokea wapi. Nikasema Moshi. Akamtazama binti yake, si mimi.

"Mangi tena?" akasema. "Huyu si atakuuzia mpaka kitanda unacholalia."

Watu wakacheka sebuleni, na mie nikacheka. Chai ikaletwa. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya hali ya hewa na bei ya vitunguu. Miezi miwili baadaye binti akaniambia kwa simu kwamba nyumbani wamekaza. Nilikuwa na elfu nane mfukoni siku hiyo, mtu wa kuuza vitanda! Kilichoniuma si kukataliwa, maana kukataliwa ni kwa wote. Kilichoniuma ni kwamba mama yule alikuwa amemkataa mtu mwingine kabisa, mtu aliyemtengeneza kwa vichekesho vya miaka mingi, halafu mie ndiye niliyelazimika kuondoka na matunda yameachwa mezani.

SISI NASI TUNA MIDOMO

Sasa kabla Wachaga wenzangu hawajanipigia makofi, wakae chini kwanza.

Kule nyumbani, kijana akileta mchumba asiye wa mlimani, anaitwaje? Chasaka. Maana yake ni mtu wa porini. Anaweza kuwa na shahada tatu na adabu za kanisani, bado shangazi jikoni atanong'ona, "Kaleta chasaka." Bibi harusi wa watu anatabasamu, anadhani ni neno la kumkaribisha. Mama wa Tanga alijifunza kwetu, au sisi tulijifunza kwake?

Na angalia Wamachinga. Wale ni watu, ni kabila la kule Lindi, wana kwao na wazee wao. Vijana wa kusini walipoanza kutembeza bidhaa mikononi katika mitaa ya Dar, mji ukawaita kwa jina la kwao. Leo kijana yeyote mwenye soksi begani ni machinga, awe Mhehe awe Mkurya. Dar kuna jengo zima la biashara linaitwa Machinga Complex. Kuna vijana wanakubishia kabisa kwamba neno hilo ni la Kiingereza! Kabila limekuwa kazi, na kabila lenyewe limesahaulika. Mmasai naye mjini amekuwa mlinzi, hata kama ni mfanyabiashara wa madini amekuja kununua nyumba.

Hii nchi ilijitahidi sana juu ya jambo hili. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Tukaambiwa sote ni ndugu, na kwa kweli tumekaa kama ndugu kuliko majirani wengi. Lakini sensa haikai dirishani kwa Mangi wala haiendi kuposa. Huko maneno yanajitawala.

DESEMBA KWA BABU

Unajua Desemba ya Wachaga ilivyo. Nauli inapanda, mabasi yanajaa, barabara ya Moshi inageuka mto wa magari. Baba mdogo alikuja na kijana wake wa dukani, Mgogo wa Dodoma, miaka kumi na tisa, hajawahi kuona mlima wenye theluji. Tukapanda daladala ya Kidia mpaka kwa babu.

Hapa lazima niseme ukweli wa nyumbani. Babu hakupenda kabisa habari za "Mangi" wa dukani. Mara ya kwanza aliposikia mwanawe anaitwa hivyo huko Dar, alimwambia kwenye simu: "Mangi tulimzika bila kichwa. Wewe unauza kiberiti." Akakata simu. Baba mdogo hakusahau. Kila Desemba alikuja na kilo za sukari na blanketi, lakini neno hilo halikutajwa uani kwa babu.

Siku ya pili babu akatuteremsha Tsudunyi, akatuonyesha mti na kumbukumbu ya Meli. Yule kijana wa Kigogo akasimama kimya muda mrefu kuliko sisi wenye kwetu. Tuliporudi, mbege imewekwa katikati, babu akamgeukia mgeni.

"Na wewe kijana, huko dukani wanakuitaje?"

Baba mdogo akafumba macho. Kijana akajibu kwa adabu zote:

"Naitwa Mangi, babu. Wateja wote wananiita Mangi. Nimewaambia mimi Mgogo, wamekataa."

Jamani! Nilitazama mkongojo wa babu. Mzee akabaki kimya, halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa, mpaka bibi akaja na maji. Alipopata pumzi akauliza:

"Mangi alikuwa hamrudishi mtu mwenye njaa. Wewe unakopesha?"

"Nakopesha, babu. Lipo daftari."

"Na wasiolipa?"

Kijana akamtazama tajiri wake, halafu akasema ukweli. "Tunawaandika tena, babu. Hasa wenye watoto."

Babu akamtazama mwanawe, mtu mzima na mvi zake, kama ndiyo kwanza anamwona. Akachukua kata ya mbege, akaonja kwanza mwenyewe kama desturi ilivyo, akampa yule Mgogo, kisha akampa mwanawe. Hakusema samahani, wazee wetu hawajui neno hilo. Ila tulipokuwa tunaondoka alimwambia baba mdogo: "Funga duka mapema siku moja moja, upumzike." Baba mdogo alinyamaza njia nzima hadi Moshi mjini.

JINA LA MGENI

Wasomaji wengine mtaniuliza: sasa wewe mwandishi, unataka tuache kusema Mangi? La hasha, nani ataweza! Kesho asubuhi mie mwenyewe nitakwenda kwa Mangi kununua mkate. Neno limekwisha kushuka mlimani, halipandi tena, na kwa yule kijana wa Kigogo limekuwa kama kanzu ya kuazima iliyomkaa vizuri. Ninachoomba ni kidogo. Ukishaniita Mangi, endelea. Uliza na la pili. Mama wa Tanga, mpaka leo ninavyoandika, hajui jina langu. Hakuliuliza.

Sijawamalizia ya jioni ile kijiweni. Ubishi ulipopoa, mpagazi aliinuka bila kuaga, akaenda kwenye ua wa nyumba ya jirani, akachuma jani la sale. Kwetu mtu akikosa hufuata jani hilo, na anayeletewa sale harudishi mkono wa mtu. Akalifunga fundo, akampa mgeni kwa mikono miwili. Tukamweleza maana yake kwa Kiingereza chetu cha kuunga. Kijana akalichomeka kwenye kofia, uso ukafunguka.

"Haya sasa, tuambie," mpagazi akasema, "jina lako hasa ni nani? Siku sita nimekubebea begi sijakuuliza."

Mgeni akaanza kucheka. Akatoa pasipoti, akaifungua, akatuonyesha.

Patrick.

"Mama yangu," akasema, "ananiita Paddy."

Tukutane wiki ijayo.